Yule Aliyeondoka: Niliyojifunza Nikisikiliza Mabinti Wakibishana

Safari hii sitaandika juu ya buletini wala juu ya homa ya watoto. Nitaandika juu ya kelele zilizotoka katika salo yangu wakati wa likizo ya Noeli, na juu ya kosa langu mimi mwenyewe. Kelele ile ndiyo iliyonionyesha kosa.

Ilikuwa saa kumi za mchana. Nilikuwa jikoni nasonga bukari. Ghafla nikasikia wasichana wanapiga kelele: "Ni mubaya!" "Hapana, si mubaya, anaumia tu!" "Kuumia si ruhusa ya kudanganya watu!" Nikafikiri kumetokea ugomvi wa kartie. Nikatoka na mwiko mkononi, nikauliza: "Nani amefanya ubaya?"

Wakajibu pamoja: "Soyo, mama."

"Soyo huyo ni mtoto wa nani?"

Wakaanguka chini kwa kicheko, wote wanne: binti yangu wa miaka 13, mtoto wa dada yangu, na rafiki zao wawili wa darasa. Soyo si mtoto wa mtu hapa Lubumbashi. Ni msichana wa kuchorwa, wa katika filamu ya Japani, na walikuwa wanamtazama ndani ya telefone moja ndogo iliyosimamishwa kwenye kikombe.

Niliwaambia wapunguze sauti, nikarudi kwa bukari yangu. Lakini ubishi ule haukuisha siku ile. Uliendelea juma nzima, wakifua, wakichota maji, wakisukana nywele. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Darasani naomba watoto hawa waniambie kwa nini mtu wa katika hadithi amefanya alichofanya, na wananitazama kama nyumba iliyofungwa. Nyumbani kwangu walikuwa wanafanya kazi ile ile bila kuombwa, saa mbili kwa siku. Basi nikaketi nao kwenye mkeka, nikaomba wanieleze.

Na mimi niwaeleze ninyi, maana binti zenu huenda wanayatazama hayo pia. Filamu hizi za kuchorwa za Kijapani zinaitwa anime. Hii moja ni ya ukoo mkubwa wa hadithi unaoitwa BanG Dream!, ambao habari yake yote ni wasichana wanaounda vikundi vya muziki: gitaa, besi, batri, kinanda na mwimbaji. Filamu yao ya kwanza ilionyeshwa Japani mwaka wa 2017. Jambo moja lilinishangaza: wengi wa wanawake wanaotoa sauti za wasichana hao wa kuchorwa wanajifunza vyombo kweli, na wanapanda jukwaani kupiga muziki wenyewe mbele ya watu. Sehemu waliyoitazama mabinti zetu inaitwa It's MyGO!!!!!. Ilitoka mwaka wa 2023, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, sehemu kumi na tatu. Mtoto wa dada yangu aliipata kwenye kle ya kaka mmoja wa jirani, na maandishi ya Kifaransa chini. Lakini kle ile ilikuwa na sehemu nane tu. Mushike neno hilo, nitalirudia.

Hadithi yenyewe inaanza na kuvunjika. Wasichana watano walikuwa na kikundi kinachoitwa CRYCHIC. Aliyekiunda ni Sakiko, msichana wa familia tajiri, mpiga kinanda. Ni yeye aliyemkuta Tomori, mtoto mwenye haya anayeokota mawe na kuandika mawazo yake katika daftari, akayageuza maandishi yale kuwa wimbo. Halafu siku moja ya mvua Sakiko anaingia mahali pa mazoezi, nguo zimelowa, anasema anaacha. Hatoi sababu. Mwenzake Mutsumi, yule asiyesema kitu kwa kawaida, anafungua kinywa na kusema kwamba yeye hakuwahi kufurahia kikundi kile. Sakiko anaondoka. Kikundi kimekufa hivyo, kwa dakika chache.

Wanaobaki, kila mmoja anabeba kidonda chake. Tomori anadhani ni kosa lake, hataki kuimba tena. Taki, mpiga batri, anakuwa mkali kwa kila mtu ili amlinde Tomori. Na Soyo, mpiga besi, ndiye aliyeleta vita katika salo yangu. Soyo ni mpole, anacheka na kila mtu, anakubali kuingia katika kikundi kipya pamoja na wasichana wawili wengine, Anon na Raana. Lakini moyoni hataki kikundi kipya. Anakitumia tu ili amrudishe Sakiko na afufue kile cha zamani, na akifaulu atawaacha hao wapya. Siku wanapopiga jukwaani wimbo wa kikundi kilichokufa, Sakiko yuko kati ya watazamaji, anatoka akilia, na Soyo anawaka hasira. Baadaye anamfuata Sakiko, anapiga magoti, anamshika mkono, anaomba. Sakiko anamwambia kwamba anajifikiria yeye mwenyewe tu, anamwacha pale. Hapo ndipo sehemu ya nane ilipofikia.

Sasa munaelewa ubishi. Mtoto wa dada yangu alisema Soyo ni mwongo, amewatumia wenzake kama ngazi. Rafiki mmoja alisema Soyo anastahili huruma, maana anang'ang'ania pahali pekee alipopendwa. Mwingine alimlaumu Mutsumi: mtu asiyesema kitu mwaka mzima, siku ya kusema anachagua neno la kuua. Walimcheka pia Mutsumi huyo, kwa sababu analima matango shuleni na anamletea Soyo matango kama zawadi, badala ya kusema "unisamehe".

Mimi nilifurahi. Niliona wanapima maneno na matendo, wanatafuta ushahidi, wanarudisha filamu nyuma kuonyesha uso wa mtu. Lakini niliona pia jambo lililonisumbua. Kila mara walipomfikia Sakiko, binti yangu alikuwa wa kwanza na mkali kuliko wote. Alisema: "Huyo hana sababu. Mtu anayekuacha bila kukueleza hakukupenda tangu mwanzo. Asirudi, afe huko." Na sauti yake ilitetemeka.

Usiku nikafikiri: mtoto halii hivi kwa ajili ya msichana wa kuchorwa. Ndipo nikakumbuka. Na wao walikuwa watano.

Mabinti hawa walikuwa na kikundi chao cha kuimba. Walianza mwaka jana, wakiimba Jumamosi chini ya mwembe wa jirani. Wa tano alikuwa msichana mmoja wa darasa lao, ambaye sitamtaja jina. Sauti ya kwanza ilikuwa yake, na daftari la nyimbo lilikuwa lake. Walikuwa wanajitayarisha kwa sikukuu ya shule ya mwisho wa mwaka. Mwezi wa kumi na moja, siku moja tu, aliwaambia getini: "Kuimba kwenu ni mchezo wa watoto. Mimi sina wakati." Akaenda zake. Baada ya siku chache hakuonekana tena shuleni. Binti yangu alilia usiku mbili, kisha akanyamaza. Nami nilisema kile ambacho sisi wamama tunasema: "Achana naye, utapata marafiki wengine."

Walipata sehemu tano zilizobaki mwezi wa kwanza, shule ilipokuwa imeanza. Ilikuwa Jumapili jioni, umeme ulikuwapo, nikaketi nao. Tulitazama namna Tomori anavyopanda jukwaani peke yake, siku baada ya siku, hana kikundi, anasoma tu maneno ya daftari lake mbele ya watu, hata wenzake wanarudi mmoja mmoja na kupiga nyuma yake. Soyo naye anarudi. Tulijua sasa kwamba wazazi wake waliachana, kwamba mama yake anafanya kazi hadi usiku, na kwamba mtoto huyo alizoea tangu udogo kuwa mwema ili nyumba isianguke. Mtoto wa dada yangu, aliyemwita mwongo, akasema polepole: "Bado alidanganya. Lakini sasa ninajua anaogopa nini." Nilitamani kumpa alama ishirini juu ya ishirini.

Kisha mwisho wa sehemu ya kumi na tatu. Sakiko anarudi nyumbani. Si jumba. Ni chumba kidogo cha hali ya chini, na ndani yake yuko baba yake, amelewa. Dakika chache tu. Katika hadithi inayofuata, Ave Mujica, iliyotoka mwanzoni mwa mwaka wa 2025, mambo yote yanaelezwa: baba yake alidanganywa akapoteza mali nyingi mno ya ukoo, akafukuzwa, na msichana huyo akachagua kumfuata. Aliacha shule yake ya kitajiri. Anasambaza magazeti asubuhi na anajibu simu za watu kazini, ili wapate kula. Aliacha kikundi kwa sababu hiyo, na alinyamaza juu hakutaka mtu amwone akiwa maskini.

Waliotazama filamu ile mwaka wa 2023, juma kwa juma, walimhukumu Sakiko majuma mengi kabla ya kuona chumba kile. Mabinti wangu pia. Na ilibidi waanze kesi upya.

Salo ilinyamaza. Binti yangu hakutazama telefone tena, alinitazama mimi. Akasema: "Mama, mwezi wa kumi na moja, siku ile ya minervali. Ni weye ulisoma jina lake?"

Wamama, ndiyo. Ni mimi.

Munajua namna inavyofanyika. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalifanywa ya bure tangu mwaka wa 2019, lakini sekondari bado inalipwa. Orodha inashuka kutoka ofisini, mwalimu anasimama mbele ya darasa anaisoma, na waliotajwa wanachukua mifuko yao wanarudi nyumbani mbele ya macho ya wenzao. Siku ile nilisoma majina saba. Nilisoma haraka, maana nilikuwa na somo la kumaliza. La kwake lilikuwa la nne. Kesho yake ndipo aliposema yale maneno getini. Mimi, mwenye diploma ya ISP, niliyefundishwa miaka mitatu saikolojia ya mtoto, sikuunganisha mambo hayo mawili. Binti yangu aliyaunganisha akitazama filamu.

Niliweza kusema: "Ni sheria ya shule." Sikusema. Nilimwambia: "Ni mimi. Na sikuuliza aliko." Tukakaa kimya. Kisha akasema: "Basi tuulize."

Ilituchukua majuma mawili kuwapata. Walikuwa wamehamia kwa bibi yake, mbali, katika Katuba. Tulienda Jumamosi, mimi na binti yangu tu. Njiani nilimwambia mambo mawili: hatuendi kuhubiri, na hatuendi kuonyesha huruma usoni. Aliniambia amekwisha kujua, Sakiko asingekubali.

Tulimkuta mbele ya nyumba anapanga makala kwa mafungu, mdogo wake mgongoni. Baba alikuwa dereva, kazi yake iliisha mwezi wa tisa, akatoka kutafuta nyingine, bado hajarudi. Mama yake alitupokea kwa heshima, akatuletea viti. Yeye msichana alisimama kama anataka kukimbia.

Binti yangu hakuwa na hotuba. Alimpa daftari la nyimbo, lililobaki kwetu tangu siku ile. Msichana akalishika, akasema: "Nilijua mukijua mutanihurumia. Sikutaka hiyo."

Binti yangu akajibu: "Hatukukuhurumia. Tulikuchukia."

Na yule akacheka, mara ya kwanza. "Hiyo ilikuwa afadhali."

Sitasahau neno hilo. Mtoto wa miaka 13 aliona ni afadhali achukiwe na rafiki zake kuliko waone sufuria tupu. Tena alifanya kazi ya kuchukiwa kwa makusudi, kwa maneno aliyoyachagua. Wangapi wanatuambia maneno makali nyumbani na darasani, nasi tunajibu ukali wa maneno bila kuuliza yanafunika nini?

Nami nilimwomba msamaha, mbele ya mama yake: "Nilisoma jina lako mbele ya wenzako. Haikuwa vizuri." Mama yake akasema haraka: "Madamu, weye ulitumwa." Nikamjibu: "Nilitumwa, mama, lakini sauti ilikuwa yangu."

Munataka kujua mwisho. Nitawaambia ulivyo, bila kuupaka sukari. Prefe alikubali minervali ilipwe kwa mara tatu. Wamama wa likelemba yetu walimpokea mama yake kama mwanachama, si kama mtu wa sadaka, na wakampa zamu ya pili ili aongeze mtaji wa makala. Anachanga kila juma kama sisi wote. Msichana alirudi darasani mwisho wa mwezi wa pili. Amepoteza masomo mengi, tunayafuata pole pole baada ya saa za shule. Kuhusu orodha, niliomba tusiisome tena kwa sauti. Nilipata ruhusa kwa darasa langu tu: sasa ninaandika karatasi iliyokunjwa kwa kila mzazi. Katika madarasa mengine bado inasomwa. Ninaendelea kuomba.

Lakini katika kikundi cha kuimba hakurudi. Jumamosi anauza makala pamoja na mama yake. Binti yangu aliumia mara ya pili. Alifikiri tukimpata, kila kitu kitakuwa kama zamani. Hapo nikamkumbusha Soyo, aliyetaka kufufua kitu kilichokwisha. Hata katika filamu, CRYCHIC haifufuki. Katika Ave Mujica wale watano wanapiga pamoja mara moja tu, wanalia, kisha kila mmoja anakwenda njia yake. Urafiki unaweza kupona bila kurudi kwenye umbo lake la kwanza. Sasa wanakutana mapumziko ya saa nne, wanagawana mkate. Siku nyingine anawasahihisha nyimbo zao akiwa amesimama tu pembeni.

Wamama wapendwa, sisemi tuwaache watoto na telefone hadi usiku. Kwangu ni saa moja na nusu kwa siku, baada ya kazi za nyumba na masomo, na filamu nisiyoijua ninaitazama kwanza. Hii ina huzuni nyingi, na Ave Mujica ni nzito zaidi. Kwa mtoto mdogo siipendekezi. Tena ubishi wao unaweza kugeuka matusi. Siku moja wawili hawakusemeshana juu ya Taki, mtu asiyekuwapo duniani! Niliwawekea sheria moja: ukitaka kumhukumu mtu wa katika hadithi, kwanza useme anaogopa nini. Kama hujui, unyamaze mpaka ujue.

Sheria hiyo nimeichukua pia mimi, kwa wanafunzi wangu na kwa jirani zangu. Na ninawaomba ninyi jambo dogo. Juma hili, mabinti wenu wakibishana juu ya watu wa filamu, musiseme tu "punguzeni kelele". Ketini dakika kumi. Ulizeni: "Huyo aliyeondoka, aliondoka kwa nini?" Halafu musikilize jina gani linatoka, maana mara nyingine si jina la Kijapani.

Kwangu salo bado ina kelele. Jana walikuwa wanabishana kama matango ya Mutsumi yanaweza kuhesabiwa kuwa msamaha. Binti yangu alisema ndiyo, kama mtu hana maneno. Nilipotoka asubuhi kwenda shule, nilimwona anaweka maembe mawili ndani ya mfuko wake, na sikumuuliza ni ya nani.